Rancho hakuwa na cheti

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Wewe uliye jikoni, wewe uliye kwenye foleni ya maji na ndoo mbili, wewe mama unayenyonyesha huku redio iko pembeni, karibuni nyote. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi pale maktaba, kwa sababu jioni hii betri ilikwisha, karibu pia. Hujakosa kitu.

Leo hatuna mgeni studio. Niko peke yangu, na ninataka tuongee juu ya filamu.

Najua wapo wanaoguna. Filamu? Watu wanawaza unga, huyu binti anatuletea filamu? Nivumilieni. Ninyi wenyewe ndio mliojaza kibanda cha video cha bloku yetu majuzi mpaka watoto wakakaa juu ya ukuta. Sola ilizima mara mbili, na hakuna aliyeondoka. Kwa hiyo tuseme ukweli, filamu ile ilitugusa.

Inaitwa 3 Idiots, yaani Wajinga Watatu. Ilitoka India mwezi wa kumi na mbili mwaka 2009. Aliyeiongoza ni Rajkumar Hirani, na mwigizaji mkuu ni Aamir Khan, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 44 na bado akaigiza kijana wa mwaka wa kwanza chuoni. Ukimwangalia unaamini. Kwa wakati wake ikawa filamu ya Kihindi iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia.

Kwa wale ambao hawakuiona, nitasimulia kwa ufupi. Vijana watatu wanaingia chuo kikubwa cha uhandisi, chumba kimoja. Farhan anapenda kupiga picha za wanyama, lakini baba yake aliamua tangu siku anazaliwa kwamba atakuwa injinia. Nyumbani kuna mashine moja tu ya kupoza hewa, nayo imewekwa chumbani kwa Farhan ili asome vizuri. Wazazi wanalala na joto. Wa pili ni Raju, maskini kabisa. Baba amepooza kitandani, mama anahesabu bei ya kila mboga, dada hajaolewa kwa sababu mahari haijapatikana. Kumbuka kule India ni upande wa binti ndio unaotoa. Wa tatu ni Rancho. Huyu hakariri. Huyu anauliza.

Mwalimu anamwambia aeleze mashine ni nini. Rancho anasema ni kitu chochote kinachompunguzia mtu kazi, anataja feni, simu, hata zipu ya suruali. Mwalimu anamfukuza darasani. Mwenzake Chatur anasimama na kumwaga maneno ya kitabu bila kumeza mate, anasifiwa. Pale kibandani vijana wa sekondari walipiga makofi kwa sababu wote tunamjua mwalimu wa namna hiyo.

Basi, wengi wakitoka wanasema filamu inafundisha hivi: fuata moyo wako, pesa itakuja nyuma. Rancho mwenyewe anasema karibu hivyo, kwamba ukitafuta kuwa bora katika kazi yako, mafanikio yatakufuata yenyewe. Ni maneno matamu. Lakini mimi nilitoka na jambo lingine, na ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti hiki.

Miaka inapita baada ya chuo. Rancho ametoweka. Rafiki zake wanamtafuta mpaka mji wa Shimla, kwenye nyumba ya tajiri. Wanamkuta bwana mwenye jina lile lile la rafiki yao, jina lote kamili, lakini uso ni wa mtu mwingine. Ukutani kimetundikwa cheti cha chuo. Na picha ya siku ya kuhitimu ipo, wanafunzi wote wamo, isipokuwa pale aliposimama Rancho amesimama huyu bwana.

Hapo ndipo siri inatoka. Rancho tuliyempenda alikuwa mtoto wa mtunza bustani wa nyumba ile. Alikuwa anavaa sare, anaingia darasa lolote analotaka, anasoma. Siku alipogunduliwa, tajiri aliona faida. Akamwambia asome kwa jina la mwanawe, na mwisho cheti kiwe cha mwanawe. Yule mtoto alikubali. Alisoma miaka yote kwa jina lisilo lake, akafaulu akiwa wa kwanza, akaacha karatasi mlangoni, akaenda zake.

Msikilizaji, kibanda kilinyamaza.

Maana hapa nani asiyejua habari ya karatasi? Kuna mama bloku ya jirani alikuwa mkunga miaka kumi na tisa, leo anauza mandazi kwa sababu vyeti viliungua pamoja na nyumba. Kuna vijana wamemaliza shule hapa hapa kambini na wanaulizwa cheti hicho kinatambuliwa na nchi gani. Na kuna watu, tusitajane, waliosoma kwa jina la ndugu aliyekufa kwa sababu ndilo jina lililokuwa kwenye orodha.

Baba yangu alikuwepo kibandani usiku ule. Si kawaida yake, nilimwomba. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu kule Fizi. Diploma yake ilikuwa kwenye mkoba uliobaki majini usiku tulipovuka Ziwa Tanganyika. Hapa amefundisha watoto wengi, na kila mara kukiwa na nafasi ya kazi nzuri zaidi, fomu inasema ambatanisha nakala. Anairudisha fomu mezani bila kuijaza.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamwambia, nikiwa na furaha yangu ya kijinga, "Baba, umeona? Yule kijana hakulilia cheti."

Akatembea kidogo. Kisha akasema, "Hakulilia kwa sababu filamu ina saa tatu tu. Mimi nina miaka kumi na tano, na sijamaliza."

Nilikosa jibu. Na mpaka leo, nikiwa mkweli, sina. Filamu inaruka miaka mingi kwa mkato mmoja. Tunamwona Rancho anaondoka mikono mitupu, halafu tunamkuta ni mgunduzi mkubwa mwenye hati za uvumbuzi 400, anaitwa kwa jina lake la kweli, Phunsukh Wangdu. Katikati hapo alikula nini? Nani alimpa kazi ya kwanza bila karatasi? Mwandishi wa filamu hakutuonyesha, na sisi ndiyo sehemu tuliyotaka kuiona.

Ndiyo maana ninataka tumtazame Raju zaidi kuliko Rancho. Raju hana tatizo la kufuata moyo. Anaupenda uhandisi. Tatizo lake ni hofu. Vidole vimejaa pete za kuomba bahati, kila mtihani anatetemeka, kwa sababu akianguka yeye nyumba nzima inaanguka. Mkuu wa chuo anapombana, amsaliti rafiki au afukuzwe, Raju anajaribu kujiua. Anapona. Na kabla ya hapo, mwanafunzi mwingine aliyenyimwa muda wa kumaliza kazi yake alikuwa amejiua kweli.

Hapa ninasimama kidogo. Kama unanisikia na wazo hilo limewahi kukutembelea, au linakutembelea sasa, usilale nalo peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja, hata jirani. Pale kituo cha afya yupo mhudumu wa afya ya akili, hahitaji karatasi yoyote, unauliza tu getini. Na wewe unayemwona kijana wako amenyamaza kupita kawaida, mkae karibu naye.

Rancho ana dawa yake ya hofu. Anaweka mkono kifuani na kuuambia moyo kwamba kila kitu ni salama. Anasema aliipata kijijini kwao, kwa mlinzi wa usiku aliyekuwa akipita anatangaza kwamba mambo ni shwari, na watu wanalala usingizi. Siku moja wakaibiwa, ndipo wakajua mlinzi yule alikuwa haoni gizani. Nilipenda kwamba filamu haikuficha jambo hilo. Rafiki yake anamuuliza, je, hilo linaondoa shida? Anajibu hapana, linakupa nguvu ya kuikabili tu. Sisi nasi tuna maneno yetu hapa, "itakuwa sawa", tunayasema kila asubuhi. Tujue tunayasema kwa kazi gani.

Jambo moja sikulipenda, na nitalisema. Yule Chatur, ambaye kwenye filamu amezaliwa Uganda, jirani yetu kabisa, hajui Kihindi vizuri. Wenzake wanambadilishia neno kwenye hotuba, na neno wanaloweka ni la ubakaji. Ukumbi mzima unacheka. Pale kibandani mtafsiri alilisema neno hilo kwa sauti ya kuchekesha, na nikaona wanawake wawili wakiinuka na kutoka. Sikucheka. Katika watu waliokaa kwenye mabenchi yale, kila mmoja wetu anajua kwa nini. Ninyi wenye vibanda, mnaweza kuruka kipande hicho, filamu haitapungukiwa.

Sasa nirudi kwenye lile swali la mtu asiye na karatasi, kwa sababu nimelichimba kidogo na nimepata kitu.

Kwenye filamu kuna mashine za ajabu: baiskeli inayokata manyoya, pikipiki inayosaga unga, baiskeli nyingine inayofua nguo. Nilidhani ni michezo ya sinema. Kumbe zilitengenezwa na watu wa kawaida wa India. Ya kufulia ni ya Remya Jose, msichana wa Kerala, aliyeibuni akiwa bado mwanafunzi. Ya kukata manyoya ni ya kinyozi, Mohammad Idris. Ya kusaga ni ya Jahangir Painter, mpaka rangi wa Maharashtra. Kinyozi na mpaka rangi. Mimi nilimfikiria yule kaka wa sokoni kwetu anayechaji simu zetu kwa vyuma alivyookota.

Na kule mwisho, shule ya Rancho milimani Ladakh, watu wengi huihusisha na mtu wa kweli, Sonam Wangchuk, injinia wa Ladakh. Mwaka 1988, akiwa na miaka ishirini na kidogo, umri kama wangu, yeye na wenzake walianzisha chama cha wanafunzi cha kurekebisha elimu ya huko. Baadaye wakajenga shule yao karibu na mji wa Leh, kwa udongo, inayopata joto kutoka kwenye jua wakati nje maji yameganda. Waliopewa nafasi pale ni wale walioanguka mtihani wa darasa la kumi. Narudia kwa ajili ya mdogo wangu fulani anayejificha tangu matokeo yatoke: kufeli ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia.

Nilimpelekea baba habari hizi. Akasikiliza yote. Akauliza, "Huyo Wangchuk ana diploma?" Nikasema ndiyo, ni injinia. Akasema, "Aa." Basi.

Lazima niwaambie pia kwamba mimi na baba tuna kesi yetu. Alinitafutia nafasi ya mafunzo ya uuguzi, akanisubirisha kwenye mistari, akaongea na watu ambao hapendi kuongea nao. Nami nikachagua redio. Posho yake mnaijua. Baba anasema kipaza sauti hakishoni kidonda, na kwamba mgonjwa yupo kila nchi watakayotupeleka. Hajakosea. Kwenye filamu, Farhan anamwambia baba yake kwamba atapata pesa kidogo na nyumba ndogo lakini atakuwa na furaha, na mzee analainika palepale, hata kamera anamnunulia. Nililia pale. Kwetu mazungumzo hayo yana mwezi wa nane sasa.

Lakini wiki iliyopita niliposoma ratiba ya mgao, kabla hata sijatoka studio, mdogo wangu alifika mbio na kipande cha daftari. Mwandiko wa baba. Nilikuwa nimeruka bloku ya nne, na tarehe mbili nilikuwa nimezijumlisha vibaya. Alikuwa amezipanga zote upya, na mstari chini kwa rula.

Tuandikie, msikilizaji. Kazi uliyoijua kabla ya kufika hapa ni ipi, na nani hapa anajua kwamba unaijua? Sanduku la barua liko mlangoni pa studio, na asiyeandika aje tu aseme. Filamu itaonyeshwa tena Jumamosi mchana kituo cha vijana, bure, beba kigoda chako.

Baada ya wimbo ninasoma ratiba ya mgao, bloku zote, na ya nne imo. Baba, nimehesabu mara mbili.

(Muziki unapanda.)