Kicheko Kilichobaki Masikioni: Redio, Vita vya Kagera na Kumbukumbu za Wasikilizaji wa Meru



1.0 Utangulizi

Naomba nianze na swali nililoulizwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, ambalo nilishindwa kulijibu. Nilikuwa masomoni Uingereza, nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu juu ya nomino za Kiswahili, na nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Kila televisheni iliporudia mchezo wa kuchekesha uitwao Dad's Army, bibi yule aliniita sebuleni nitazame naye. Mchezo huo uliandikwa na Jimmy Perry na David Croft, na BBC iliuonyesha tangu mwaka 1968 hadi 1977, jumla ya vipindi 80. Unahusu kikosi cha raia cha ulinzi wa nyumbani, kilichoundwa Uingereza mwaka 1940, wakati majeshi ya Ujerumani yalipotazamiwa kuvuka bahari wakati wowote. Kamanda wake ni meneja wa benki, mwenye majivuno mengi. Koplo wake ni muuza nyama mzee ambaye, hatari ikitokea, huwaambia wenzake wasitaharuki, huku yeye akiwa ametaharuki kuliko wote.

Bibi yule alikuwa akimaliza sentensi za waigizaji kabla wao hawajazimaliza. Hadithi zenyewe alizichanganya: kisa cha kipindi kimoja alikitia katika kingine. Lakini maneno hakuyakosea hata mara moja. Baba yake alikuwa katika kikosi kama kile, na siku za mwanzo walifanya mazoezi kwa mipini ya mifagio kwa kuwa bunduki hazikutosha. Alicheka aliponisimulia, kisha akaniuliza: "Na ninyi, katika vita vyenu, mlicheka nini?"

Nilimjibu kwamba sisi hatukuwa na televisheni. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Hata hivyo, mabibi na mabwana, lilikuwa jibu la kukwepa. Bibi hakuniuliza tulitazama nini. Aliniuliza tulicheka nini. Mhadhara wa leo ni jaribio la kulipa deni hilo.

2.0 Redio chini ya mgomba

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu ya ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na maneno matatu ya hotuba ile, yaani uwezo, sababu na nia, yakawa mali ya kila mtoto wa shule. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nyumbani kwetu, chini ya mlima Meru, redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Mawe yake yalipochoka yalianikwa juani ili yapate nguvu ya jioni moja zaidi, na jioni hiyo ilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam.

Wasikilizaji wa rika langu wanapoulizwa leo walikumbuka nini katika redio ya miaka ile, hutaja mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni habari za vita, pamoja na sauti ya Ben Kiko, mtangazaji ambaye ripoti zake kutoka uwanja wa mapambano zilikuwa na mzaha wake wa pekee. La pili ni michezo ya kuchekesha, hasa Pwagu na Pwaguzi, wale matapeli wawili waliopewa majina kutokana na methali yetu isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi. Mchezo ule haukuhusu vita. Ulihusu ujanja wa mjini, tamaa na aibu. Lakini katika kumbukumbu za wasikilizaji vitu hivi viwili vimeungana. Wapo wanaoapa kuwa walisikia Amin akiitwa pwagu aliyempata pwaguzi wake. Kama redio ilisema hivyo au walisema wao wenyewe chini ya mgomba, kwao ni jambo moja. Kumbukumbu ya kusikiliza haitenganishi sauti ya kisanduku na sauti ya jirani.

Hapa ndipo tofauti yetu na ya bibi yule inapoonekana. Dad's Army ilirekodiwa mbele ya hadhira iliyoketi studioni, na kicheko cha hadhira hiyo kimo ndani ya utepe. Kicheko chetu kilikuwa nje ya redio. Hakuna kinasa sauti kilichokuwa kimetegwa migombani.

3.0 Maneno ya waliobaki

Kicheko kisiponaswa na utepe, hunaswa na msamiati. Nitatoa mfano mmoja. Neno nduli, kwa maana ya mtu muuaji asiye na huruma, lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya vita, lakini wengi wetu huku bara tulikutana nalo kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Katika matangazo lilitangulia jina la adui kama cheo kinavyotangulia jina la mkubwa: Nduli Idi Amin. Yeye alikuwa amejivika vyeo vingi, nasi tukamwongezea kimoja. Kisarufi neno hilo lilikaa mahali pa Mheshimiwa, na kejeli yake yote imo katika nafasi hiyo. Mpaka leo, mzee wa Tengeru akisema "Nduli" bila kutaja jina, wenzake hawaulizi ni nduli yupi. Nomino ya kawaida imekuwa jina la mtu.

Amin mwenyewe alitupa malighafi ya kicheko. Aliwahi kutangaza kwamba yuko tayari kupigana ngumi na Mwalimu, mwamuzi akiwa Muhammad Ali. Lakini kejeli ile ilikuwa na jambo ambalo wanaisimu tumelizungumzia kidogo mno. Amin aliingia jeshi la kikoloni la KAR, waliloliita watu wetu keya, mwaka 1946, na Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo. Mwaka 1973 ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kwa hiyo pande mbili zilizopigana zilikuwa na lugha moja ya kuamrishana. Waingereza walipomcheka Hitler hawakuhitaji kujali kama Mjerumani anaelewa utani. Sisi tulimcheka mtu aliyeweza kufungua redio yake na kusikia.

Vita vilipokwisha, yalikuja maneno ya njaa. Taifa liliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Miezi ile ilipopita na mkanda ukabaki umefungwa, "miezi kumi na minane" ikawa kwa Kiswahili cha mitaani kipimo cha muda usiokwisha. Fundi akichelewesha viatu vyako, ulimuuliza kama ni ile miezi kumi na minane. Huu ulikuwa mzaha wa watu waliopanga foleni ya sabuni, na hakuna kipindi cha redio kilichoutunga.

4.0 Maneno ya waliokwenda

Mpaka hapa nimezungumzia waliobaki nyumbani. Sasa naomba niseme kuhusu waliokwenda.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa wiki chache baada ya Amin kutwaa madaraka, ulitaka wananchi wafunzwe kujilinda. Hivyo ndivyo mgambo alivyokuwa mtu wa kawaida katika vijiji vyetu: mkulima wa kahawa asubuhi, askari jioni katika uwanja wa shule, na mikononi mwake mti uliochongwa mfano wa bunduki. Nilipomsikia bibi akisimulia mipini ya mifagio, niliuona uwanja wa shule yetu. Katika vita vya Kagera makumi ya maelfu ya wanamgambo waliungana na jeshi. Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo.

Alirudi nyumbani akiwa mzima wa mwili. Jioni ya kwanza tulimkalisha karibu na redio, tukitarajia acheke nasi. Mtu mmoja alimwigiza Nduli, kwa sauti ile nene tuliyoizoea, na watu wakavunjika mbavu. Baba mdogo aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe. Tangu siku hiyo, tulipoanza mzaha ule, aliinuka. Tukadhani vita vimemwondolea kicheko.

Haikuwa hivyo. Miaka mingi baadaye nilimkuta na wenzake wawili waliokuwa naye vitani, kwenye pombe ya ndizi, wakicheka mpaka machozi. Walikuwa wakimcheka mwenzao aliyesikia saba saba kwa mara ya kwanza na kujitupa ndani ya shimo la choo. Saba saba, wasikilizaji wangu vijana, ni jina walilopewa makombora yaliyovurumishwa mfululizo kutoka kwenye lori. Ni jina lile lile la sikukuu ya tarehe 7 Julai, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Wanajeshi walilichukua neno la gwaride na ngoma wakalitia katika kitu cha kutisha kuliko vyote walivyovisikia. Aliyekuwa shimoni alikuwa hapo hapo, akicheka kuliko wote. Waliponiona wakanyamaza, wakanikaribisha kwa heshima, wakabadili mazungumzo.

Huko Uganda nako vita vilizaa neno. Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, wenyeji waliwaita askari wetu bakombozi. Ni wakombozi wa Kiswahili, waliovuliwa kiambishi wa- wakavikwa ba- ya Kiganda. Baba mdogo alilitamka neno hilo kwa tabasamu, kwa matamshi ya wenyeji. Redio yetu ilisema "wakombozi". Yeye alileta neno kama alivyolisikia.

5.0 Vicheko viwili

Hili ndilo ninalotaka kulisema leo. Vita vile vilikuwa na vicheko viwili. Kicheko cha waliobaki kilimcheka adui, na kilipewa redio. Kicheko cha waliokwenda kilijicheka chenyewe, na hakikupewa chombo chochote. Jimmy Perry aliwahi kuwa kijana katika kikosi cha aina ile alichokiandikia mchezo. Ndiyo maana hakuanza na Hitler. Alianza na meneja wa benki, na kwa njia hiyo akaweka katika televisheni kicheko cha waliokuwapo.

Sisemi kuwa kicheko chao ni safi kuliko chetu. Yule koplo muuza nyama hujisifu bila kuchoka kwa vita alivyopigana Sudan, na anapojisifu anawafanyia mzaha Waafrika waliouawa kule. Nilikaa sebuleni nikimtazama, nikiwa Mwafrika pekee mle ndani, na bibi aliona kwamba hapo sikucheka. Nadhani ndipo alipolifikiria swali lake. Kila kicheko cha vita kina mtu anayeinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Kazi ya mtafiti wa Kiswahili ni kumfuata mtu huyo. Hazina ya sauti ya RTD, ambayo TBC imeirithi, ni ya thamani kubwa na itunzwe. BBC yenyewe ilifuta kanda nyingi za miaka ile, na vipindi vitatu vya Dad's Army havijaonekana mpaka leo. Lakini hata kanda zetu zote zikitunzwa, zitatupa kilichosemwa tu. Kilichosikika kimo kwa watu, na aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1978 ameshapita sitini na mitano.

6.0 Hitimisho

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi mlioko hapa. Mtakaporudi likizo, msimwulize babu vita vilikwendaje. Tarehe tunazo. Mwulizeni ni neno gani la vita analolikumbuka, na nani alilisema, na nani alicheka. Akinyamaza, andikeni kwamba amenyamaza, na ni baada ya neno gani. Kisha mrudi siku nyingine, akiwa na wenzake.

Baba mdogo amelala nyuma ya nyumba yake, chini ya Meru. Nilichelewa kumwuliza. Bibi wa Uingereza naye ameshafariki, na jibu langu halikumfikia. Lakini wazee wetu wa Poli, Akheri na Nkoaranga mmekuja leo mkaketi mstari wa mbele, nami nimewaona watatu mkitazamana nilipotaja saba saba. Mhadhara wangu umekwisha. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, kipaza sauti ni chenu.