Barabara ya Kusini na Haki ya Wanaokaa Kandokando Yake



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya, leo twazungumzia barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kibiti, Somanga na Lindi hadi Mtwara. Wazee wetu wanakumbuka pantoni ya Ndundu: mto Rufiji ulipofurika, mgonjwa na gunia la korosho vilisubiri pamoja ukingoni. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, lenye urefu unaokaribia kilometa moja. Hata hivyo lami ya kutoka Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, ilichukua miaka mingine kama kumi. Tena Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara hiyo wilayani Kilwa, na aliyetaka kufika Lindi hakuwa na njia nyingine ila kuzunguka kwa Songea.

Kwa hiyo hatusemi barabara isipanuliwe wala isiimarishwe. Twaitaka. Tunachouliza ni nani anayeilipia.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa meta 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa meta 22.5. Basi mtu aliyejenga kihalali kwenye meta 25 alijikuta ndani ya hifadhi bila nyumba yake kusogea hata shubiri moja. Huyo si mvamizi. Anastahili fidia, naye asikubali kuchanganywa na aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Rangi ya alama ya X ukutani ina maana yake. Ulizeni kabla ya kuondoka kwa maofisa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kukawia. Si thamani ya kuta peke yake: kuna ardhi, mazao na miti, posho ya usumbufu, gharama za kuhama, pango la makazi ya muda na faida ya biashara iliyopotea. Malipo yakichelewa, kuna riba. Mara nyingi mwenye kibanda cha chai hajui kwamba faida yake nayo huhesabiwa, akaridhika na bei ya mabati. (Hata mfalme Ahabu, kabla ya kumdhulumu Naboti shamba lake, alianza kwa kutaja bei.)

Wajane ndio wanaotutia wasiwasi zaidi. Fomu ya uthamini huandikwa jina la marehemu, au la shemeji aliyekuwapo siku hiyo, na mama aliyelima mikorosho ile hana jina popote. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wafuatane na kina mama hao siku ya uthamini, fomu isomwe kwa sauti, isitiwe sahihi wala dole gumba kabla haijajazwa, na nakala ibaki nyumbani. Penye mirathi isiyofunguliwa, ifunguliwe mahakamani sasa, kabla wathamini hawajafika.