Joto la Bahari ya Hindi na Mafuriko ya Katwe: Pengo la Vipimo

Mada hii imeandaliwa kwa semina ya tabianchi na mafuriko ya mijini, Katwe, Kampala. Fasili za ubadilishanaji wa joto kati ya bahari na hewa zinafahamika, hivyo zipitwe upesi. Bahari ya tropiki hupokea joto la jua na kulirudisha angani kwa mnururisho, kwa kugusana na hewa na, zaidi ya yote, kwa mvuke. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke huchukua jouli milioni 2.5 hivi, na joto hilo hufunguka mvuke unapokuwa wingu.

Katwe iko zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani, lakini fundi wa masufuria anayeinua vyuma vyake mfereji wa Nakivubo unapofurika anapokea habari za bahari. Mwaka 1961, 1997 na 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa. Hali hiyo ya dipoli ilielezwa kisayansi mwaka 1999 na Saji, Yamagata na wenzao. Mara zote tatu mvua za Oktoba hadi Desemba zilipita kiasi Afrika Mashariki. Baada ya 1961 Ziwa Victoria lilipanda kwa takriban mita 2.5; Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, na mwalo wa Ggaba ukazama.

Hapa ndipo penye tatizo ambalo mtoa mada amelipigania kwa miaka mingi. Tunajua kwamba bahari inapata joto: Roxy na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba majira ya Juni hadi Septemba, joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi liliongezeka kwa nyuzi 1.2 hivi za Selsiasi kati ya 1901 na 2012. Lakini joto la maji si ubadilishanaji wa joto. Upepo ukilegea, bahari yenye joto huweza kutoa mvuke kidogo kuliko bahari iliyopoa kiasi yenye upepo mkali. Satelaiti huona uso wa maji na hukisia upepo. Unyevu wa hewa mita chache juu ya mawimbi hukadiriwa tu. Ili kuupima, boya linahitajika, na lidumu mahali pake miaka mingi.

Mpango wa RAMA ulianza mwaka 2004 kwa lengo la maboya 46 katika Bahari ya Hindi. Uharamia wa pwani ya Somalia ulizuia meli kuyatia nanga upande wa magharibi, na mengine yaliharibiwa na wavuvi. Hivyo eneo linaloamua mvua zetu likabaki na vipimo haba kwa muda mrefu, tena katika miaka ambayo mvua za Machi hadi Mei zilikuwa zimepungua Afrika Mashariki, kinyume na ilivyotabiriwa na modeli nyingi. Kwa heshima zote kwa taasisi husika, inachosha kusikia katika kila kikao kwamba Uganda haina pwani. Mvua yake inayo.

Mtoa mada anapendekeza kwanza maboya ya magharibi yakamilishwe, na Uganda iliseme hilo waziwazi ndani ya IGAD kupitia kituo chake cha tabianchi, ICPAC. Maboya hayo yapime upepo na unyevu, si joto la maji peke yake. Takwimu ziwe wazi kwa vyuo vya Mombasa, Zanzibar na Makerere. Ziwa Victoria nalo lipimwe vivyo hivyo, kwa upepo na unyevu. Mamlaka ya Hali ya Hewa itoe utabiri kwa Kiganda na Kiswahili, ikitaja hali ya bahari. Maboya yatengewe fedha za matengenezo, kwa kuwa boya lililokatika haliachi mfululizo wa vipimo. Na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai, fedha za kuzibua mitaro ya Katwe na kuondoa kaveera (mifuko ya plastiki) zitolewe robo ya kwanza, kazi ikamilike kabla ya Oktoba, hasa mwaka ambao dipoli imeanza kujitokeza kufikia Agosti.