Samaki wa Kundi Kutoka Ziwa Letu

Wasikilizaji wa Kalemie na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, ndagala tunamjua kwenye sahani, lakini kwenye tangi la kioo hafai: ukimgusa tu magamba yanabanduka, na anakufa upesi. Leo tumzungumzie jirani yake anayefugika humo, Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa kama sentimita 10, anayetembea kwa makundi karibu na miamba akidokoa vijidudu vinavyoelea majini.

Wafugaji wa Ulaya huchanganya chumvi za aina mbalimbali ili maji yao ya bomba yafanane na ya ziwa letu, yenye pH karibu 9. Ninyi mnachota bure. Chukueni mbali na midomo ya mito na mahali pa kufulia. Maji ya mvua hayafai.

Lakini maji haya yana ukali wake. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na pH ikiwa juu, amonia hiyo huwa sumu zaidi. Kwa hiyo wengi huwaua samaki kwa kuwapenda, yaani kwa kuwalisha mno. Lisheni kidogo, na kila wiki badilisheni robo ya maji. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, choteni maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina humo humo kutoka juu, tena na tena, ili yapate hewa.

Tangi liwe refu, mita 1.5 hivi, lenye mfuniko, maana hawa huruka. Wekeni kumi au zaidi, majike wengi kuliko madume; wawili peke yao huishi kwa hofu.

Kuzaa kwao ndiko kunakonifurahisha. Jike hutaga yai katikati ya maji, hugeuka haraka na kulidaka mdomoni kabla halijazama. Hulea humo mayai machache kwa wiki tatu hivi. Msimkimbize kwa wavu, akishtuka huyatema. Watoto wakitoka wapeni vijidudu vya ziwani vilivyochujwa usiku kwa kitambaa chepesi penye taa. Chandarua hapana! Matundu yake ni makubwa kwa kazi hii, na ufukweni kinazoa vifaranga vya samaki.

Jambo la mwisho: samaki hawa hutofautiana rangi kutoka mwambao mmoja hadi mwingine. Msichanganye wa mwambao mmoja na wa mwingine, wala msiwamwage ziwani watoto waliozaliwa nyumbani.