KAMERA MKONONI MWA ALIYEPIGWA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu, shemeji zetu, na ninyi nyote tuliokula maharage pamoja katika bwalo hili:

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kupiga picha, ambayo niliianzia hapa hapa, katika kile chumba cha giza nyuma ya maabara. Ningeweza kuwachekesha kwa picha za ujana wetu. Lakini nina neno zito kidogo, nanyi mtanivumilia.

Mwaka 1984 nilikuwa na studio mjini. Akaja mwenzetu mmoja, sasa marehemu, pamoja na mkewe, wapigwe picha ya ukumbusho. Jicho la shemeji lilikuwa limevimba. Mume akacheka, akasema, "Hiyo utaiondoa, fundi." Nikaiondoa. Nilipaka penseli juu ya negativu, polepole, mpaka weusi ule ukapotea. Shemeji alipoipokea picha aliitazama sana, asiseme neno. Nami nililipwa.

Ndugu zangu, wakati ule Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, ilikwisha sema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mimi nilikuwa shahidi, nikaficha ushahidi.

Mwaka huo huo, mpiga picha wa Marekani, Nan Goldin, alipigwa na mpenzi wake nusura apofuke. Mwezi mmoja baadaye alijipiga picha mwenyewe: midomo ina rangi, jicho limevilia damu, anatutazama usoni. Hakufuta kitu. Amepata kueleza kwamba picha ile ilimsaidia asirudi kwa mtu yule.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Apigwaye nyumbani huambiwa kila siku kwamba hakuona alichokiona. Akishika kamera mwenyewe, yeye ndiye anayeamua kitazamwe nini, na kutoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini huko Yunnan, nchini China, wapige picha za maisha yao, kisha wakae pamoja wazizungumze. Njia hiyo baadaye ilitumika pia, katika nchi mbalimbali, na wanawake waliotoka katika vipigo.

Nami, tangu nilipofunga studio, hukaa na akina mama wachache Jumamosi, tukifanya vivyo hivyo kwa simu zao. Nilidhani wataleta picha za makovu. Mmoja alileta picha ya ufunguo wa chumba alichopanga. Akasema, "Mlango huu naufunga mimi." Wenzake walinyamaza, kisha kila mmoja akaanza kusimulia ya kwake.

Lakini tusidanganyane. Kamera si daktari, wala haichukui nafasi ya fomu ya PF3, ya polisi wala ya mahakama. Tena picha ni mali ya aliyeipiga. Haionyeshwi kwa mtu bila idhini yake, na asiyetaka uso wake uonekane hauonekani. Anayemlazimisha mama aonyeshe jeraha lake, hata kwa nia njema, anamtonesha.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Tulifundishwa hapa kutetea wenzetu, na wengi wetu tulielewa kwamba maana yake ni kuwafichia. Mimi nilimfichia mwenzetu, aliyeumia akawa shemeji.

Negativu ile ninayo mpaka leo. Penseli hufutika kwa pamba na dawa kidogo. Nimempelekea shemeji salamu kwamba ipo, na kwamba akitaka niisafishe niichape kama alivyokuwa siku ile, nitafanya; akitaka niichome, nitaichoma mbele yake. Bado hajanijibu, na sina haki ya kumharakisha.