Magnesiamu na Moyo Unaoruka Mapigo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache kuhusu afya yetu sisi wazee. Mimi si daktari. Ni mgonjwa niliyefundishwa na ugonjwa wenyewe.

Mtakumbuka ule utepe wa magnesiamu tuliouchoma maabara, ukawaka mwanga mweupe hata tukafumba macho. Madini hayo hayo yamo mwilini mwetu, kiasi cha gramu 25 kwa mtu mzima. Zaidi ya nusu yamo mifupani. Katika damu hayafiki asilimia 1. Kazi yake mojawapo ni kutuliza umeme unaouendesha moyo. Yakipungua sana, mapigo huweza kwenda ovyo, kama ngoma ya paredi iliyoachiwa kidato cha kwanza.

Miaka michache iliyopita moyo wangu ulianza kuruka mapigo usiku. Jirani akanisifia vidonge vya magnesiamu. Nikavinunua, nikavimeza miezi mitatu bila kumwona daktari, nikijiona nimejitibu. Nilichopata ni kuharisha tu. Siku moja nilipanda ngazi nikakosa pumzi. Mke wangu akanipeleka hospitali kwa nguvu.

Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kuwa vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Hatari yake, ndugu zangu, ni damu kutuama humo na kuganda, kisha donge likapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Kidonge cha magnesiamu hakizuii hilo. Nilipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, nami naimeza hadi leo.

Je, magnesiamu haina faida? La, inayo. Anayetumia vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha, au omeprazoli kwa miaka mingi, au anayezidisha pombe, aweza kupungukiwa, na daktari akamwongezea. Tena kuna aina moja ya mapigo ya hatari ambayo hospitalini hutibiwa kwa magnesiamu ya kudungwa mshipani. Lakini ziada hutolewa na figo. Figo zikichoka, madini hujazana, presha ikashuka na moyo ukapunguza mwendo mno. Kwa aliye mzima, chakula chatosha: dona, maharage, korosho, mchicha, mbegu za maboga.

Kabla hatujaenda kula, kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu dakika moja. Mtu akiwa ametulia, mapigo huwa 60 hadi 100, tena kwa mpango. Atakayekuta hayana mpango asiniulize mimi wala jirani. Jumatatu aende hospitali. Mwenye maumivu ya kifua au aliyezimia asingoje Jumatatu.

Asubuhi tumesimama kimya kuwakumbuka waliotutangulia. Orodha ile isirefushwe na uzembe wetu.