Mwili wa Mchumaji: Nehemia Katika Mashamba ya Miraa



Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, aina ya miraa, katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kabla ya Mahakama Kuu ya Embu kuingilia kati. Kesi yenyewe nawaachia mawakili. Kilichonikera mimi ni mahubiri yaliyofuata, hasa aya moja iliyogeuzwa rungu: Wakorintho wa Kwanza 6:19, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi, wahubiri wakasema, anayetafuna analichafua hekalu, na mjadala umekwisha.

Haujaisha. Rudini nyuma mistari minne tu mtamkuta Paulo akiwakemea Wakorintho waliokwenda kwa makahaba. Hazungumzii majani. Anayetaka kuifikisha aya hiyo hadi kwenye miraa ana ruhusa, lakini aifikishe pia kwenye sukari tunayomimina katika chai baada ya ibada, jambo ambalo sijasikia likikemewa mimbarani hata mara moja. Na hilo bado si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba tafsiri hii inauona mwili mmoja tu, ule wa mnunuzi kule Mombasa. Mvulana aliyepaswa kuwa darasani, naye yuko juu ya mti tangu alfajiri akichuma vichipukizi, je, yeye hana mwili? Hekalu lake liko wapi?

Watetezi wa miraa nao wasicheke. Aya yao, Mwanzo 1:29, ya kila mche utoao mbegu, ingehalalisha bangi na mbegu za mbarika zenye sumu. Pande zote mbili zinauliza swali lilelile: je, ni dhambi kutafuna? Biblia ina swali jingine, nalo linaanzia shambani.

Nilipokuwa kijana, mzee mmoja wa kanisa alitangaza kwamba sadaka ya fedha za miraa haitapokelewa. Jumapili ile kikapu kilirudi chepesi ajabu. Tangazo halikurudiwa, na paa la kanisa likakamilika. Hakuna aliyeuliza wachumaji walilipwa nini.

Profesa Jesse Mugambi, mwana wa Embu, katika kitabu chake cha 1995 alituhimiza tutoke kwenye teolojia ya ukombozi, yenye Musa wake, twende kwenye teolojia ya ujenzi mpya, yenye Nehemia. Mjadala uliofuata ni mrefu, pamoja na pingamizi la mwanateolojia Farisani wa Afrika Kusini kuhusu wenyeji wanaonyamazishwa katika Ezra na Nehemia, na sitaurudia. Langu ni dogo: wengi tuliompokea Nehemia tulipokea ukuta wa Yerusalemu alioujenga upya, tukairuka sura ya 5.

Isomeni sura hiyo polepole. Ujenzi unaendelea, mara kinapanda kilio, na mwandishi anataja waziwazi kwamba wake za watu wanalia pia. Hawawalalamikii maadui walio nje ya ukuta; wanawalalamikia ndugu zao Wayahudi. Wengine hawana nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba na mizabibu kwa sababu ya njaa. Wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme. Watoto wao wanakuwa watumwa, nao hawana la kufanya, kwa kuwa mashamba yao yako mikononi mwa wengine. Nehemia anakasirika, anaitisha baraza, na katika mstari wa 10 anakiri kwamba yeye na watumishi wake nao wamekopesha. Kisha anadai mashamba yarudishwe siku hiyohiyo.

Kwetu hapa Muthara, Meru, kilio ni kilekile: mzee aliyebanwa na karo humkodishia dalali miti yake kwa msimu au mwaka mzima, achukue pesa taslimu. Bei ikipanda, faida si yake. Atashinda kwenye miti aliyorithi kwa babake kama kibarua, akichuma na kufunga vibunda kwa majani ya migomba, huku dereva wa pikapu akipiga honi, maana miraa ikilala hupoteza nguvu na bei. Hata Uingereza ilipofunga soko lake la miraa Juni 2014, aliyekodisha na aliyekodi hawakuumia sawa.

Nakubali hoja ya madaktari kuhusu madhara ya kutafuna. Usingizi unaopotea, fedha za chakula zinazoishia kwenye kutafuna, ndoa zinazoyumba, yote yana uzito, na mchungaji asiyeyasema hatendi haki. Nimeyapima, na bado nasimama palepale: asiyeijua bei ya kibunda hajafuzu kuhubiri juu ya miraa hapa Muthara. Mchungaji, kabla ya kukataa sadaka ya mkulima, amuulize amekodisha miti mingapi, na kwa nani. Dalali naye aulizwe kama aliwalipa wachumaji kabla jua halijatua, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza. Na ikiwa dalali huyo ni mzee wa kanisa, aanzwe yeye.